Injini ya Marehemu Bwana Yangu

Wiki iliyopita niliwaungamia kosa langu la kwanza, na baadhi yenu mkanitumia matusi. Yamefika, nimeyasoma yote. Wenye mengine wayaweke akiba, maana la leo ni kubwa kuliko lile.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Pulchérie, Mama Arlette, wa hapa Baraka. Bwana yangu Bertin alikuwa fundi wa injini za boti. Vita vya mwaka 2017 vilipofika kwetu, alileta nyumbani injini moja, akaificha chini ya magunia ya makaa, akaniambia ni malipo ya kazi yake, nisimuulize zaidi. Baada ya siku tatu akatoka kwenda kazini, hakurudi. Nilikaa miezi saba bila habari, mimi na mwanangu, tunakula mihogo mitupu. Halafu nikaiuza ile injini.

Niliiuza kwa simu, kama nilivyouza kila kitu. Watu waliniita Mama Okazyo, kwa sababu kitu chochote kilichokwisha kutumika kilipitia mkononi mwangu kabla ya kuingia kwenye kundi la WhatsApp la Eugène. Redio, magodoro, mapazia ya watu waliokimbilia ng'ambo ya ziwa.

Eugène alikuwa na sheria zake. Baada ya vita nusu ya Baraka ilikuwa inauza vitu vya nusu nyingine, kwa hiyo alitaka kila muuzaji aweke picha na ujumbe wa sauti, aseme kitu kimetoka wapi. Mwanamke akiuza injini, bwana yake naye aseme kwamba amekubali. Mjane tu ndiye aliyeruhusiwa kusema peke yake.

Basi nikawa mjane. Ilinichukua dakika moja na nusu. Nilisema injini ni ya marehemu bwana yangu, nikasema ninaiuza kwa machozi, na machozi yenyewe yalitoka, tena mengi. Kama Bertin alikuwa hai au amekufa, sikujua. Mungu ni shahidi wangu kwamba sikujua. Lakini nilisema amekufa.

Aliyeinunua ni Ramazani, mvuvi wa Lweba. Alikuja mwenyewe na boti yake, akaifunga, akaiwasha, ikalia vizuri, akanipa mkono akaniombea kwa Mungu. Sikumsikia tena.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa moja ya nyongeza. Siku ya arobaini na moja asubuhi, simu ikalia: ujumbe wa sauti, vokale kama tunavyoita.

"Mama Arlette, ni Ramazani wa Lweba. Ile moteri uliniuzisha iko na mambo."

Sikushtuka. Muuzaji wa okazyo anayeshtuka hawezi kudumu kwenye kazi hii. Kundi lilikuwa na desturi ya siku tatu za kujaribu, na mimi nilikuwa na ulimi uliozoea. Anayelalamika siku ya pili nilimsikiliza. Anayelalamika baada ya mwezi amekiharibu mwenyewe, na sasa anatafuta mgongo wa kumbebesha.

"Pole, Papa," nikamjibu kwa sauti ya asali. "Lakini siku tatu zilishapita zamani. Pengine ulitia mafuta mubaya."

"Hapana, Mama. Moteri iko natembea muzuri."

"Sasa unalalamika juu ya nini?"

"Sitaki makuta yangu. Useme tu kwa vokale kama ni we uliniuzisha, na jina ya bwana yako aliyeitoa. Jina tu, Mama. Nakuomba."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Mnunuzi asiyetaka pesa yake, mmewahi kumwona wapi? Lakini akili ya biashara iliniambia huu ni mtego: akipata jina ataenda kwa wakubwa wa mtaa, nao watataka cheti cha kifo cha mtu ambaye mimi mwenyewe sijui kama amekufa. Nikamjibu kwamba majina ya marehemu hayatajwi ovyo.

Akatuma ujumbe mwingine. Na hapa, ndugu zangu, ndipo lilipo la leo.

Kwenye ule ujumbe Ramazani alikuwa analia. Mwanaume mzima, mwenye boti yake. Na nyuma yake nilisikia sauti za wanaume wengine. Mmoja alisema, "Mwambie afanye mbio." Halafu nikasikia kitu kama kofi, na ujumbe ukakatika.

Niliusikiliza mara mbili. Msiseme pengine hukuelewa. Nilielewa. Simu ikaniponyoka, ikaangukia kwenye beseni la vyombo. Nikaiokota, nikaikausha kwa kitenge, nikamfungia. Nikafunga namba yake asiweze kuniita wala kuniandikia. Kisha nikaosha vyombo.

Hilo ndilo nililotaka kuwaambia leo. Mtu alinililia, na mimi nikamfungia simu kwa sababu niliogopa.

Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi mlango ukagongwa. Nikafungua. Mwanamke mwenye mtandio, miguu imejaa vumbi hadi magotini, mtoto mgongoni.

"Ni we Mama Okazyo?"

"Ni mi. Karibu, Mama. Unatafuta kitu gani?"

"Mi ni Zainabu, bibi ya Ramazani. Uliblok simu ya bwana yangu. Sasa mulango nayo utaiblok?"

Nilitaka kuufunga. Nawaambia ukweli, mkono ulikuwa tayari kwenye ubao. Yeye akaweka mguu, akaingia, akaketi chini bila kukaribishwa.

"Mama Yasmina," nikaanza, maana alipoketi nilimsikia akimbembeleza mtoto kwa jina la Yasmina, "mi sijui mambo ya..."

"Nyamaza kwanza, nikuambie. Bantu ba pori, bale ba bunduki, balishuka juzi kutafuta samaki. Baliona moteri kwa boti yetu. Kifuniko yake iko na kiraka ya sufuria, unajua?"

Nilikijua. Bertin alikipigilia mwenyewe.

"Balisema ni moteri yao. Balisema mwaka jana fundi yao aliwaambia ilizama mu ziwa. Bakauliza bwana yangu: moteri ilizama, namna gani iko natembea? Akawasikilizisha vokale yako. Bakacheka, basema haina jina ya bwana yako. Ulipoblok simu, basema vokale haiko muntu. Balimufunga kamba. Basema wanamutaka mjane mwenyewe, leo, jua isifike katikati. Kama haukuye kule, ye njo mwizi, batamuua."

 Sasa nilielewa yale magunia ya makaa. Malipo gani? Bertin aliiba injini ya watu wenye bunduki, na mimi nimeitangaza kwenye simu za watu mia mbili.

"Dada," nikasema, "mi niko mugonjwa. Acha nitume vokale ingine, nitaeleza vizuri..."

 Zainabu alifungua kitenge, akamshusha mtoto, akaniwekea mapajani.

"Mushike. Kama hauendi, baki naye. Mi siwezi kumulea peke yangu."

Akasimama kweli, akaelekea mlangoni. Yule mtoto akanitazama, akashika kidole changu. Nilimrudishia mama yake, nikavaa viatu.

Arlette nilimwacha kwa jirani. Aliniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamwambia nitarudi kumpikia ugali. Sikuwa na hakika hata ya hilo.

Pikipiki moja ilitubeba sote hadi Lweba. Dereva alipoambiwa tunaelekea mashamba ya juu, alitushusha barabarani, akageuza chombo hata kabla hatujamshukuru. Tulipanda kwa miguu. Zainabu alitangulia. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria na kukosea maneno katikati.

Walikuwa kwenye shamba la mihogo, watu saba au nane. Ramazani ameketi chini, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba. Injini ilikuwa imelazwa juu ya gogo. Mkubwa wao, waliyemwita Afande, alikuwa anamenya kiazi kitamu cha kuchemsha. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Karibu, Mama. Njo we mjane?"

"Ni mi, Afande."

"Pole na msiba. Moteri hii ulimuuzisha huyu?"

"Nilimuuzisha. Hakuiba. Huyu Papa hana kosa."

Ramazani akafumba macho akashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa hayajaanza.

"Muzuri," akasema Afande. "Sasa tumuite fundi, maana ye njo alisema ilizama. Fundi! Kuya huku!"

Mtu akatoka nyuma ya kibanda anapangusa mikono kwa kitambaa. Ndevu ndefu, mashavu yamebonyea, koti la mtu mwingine.

Alikuwa Bertin.

Sikupiga kelele.  Nikaketi chini, nikajifanya ni kwa heshima. Bertin alinitazama jinsi mtu anavyotazama jiwe la njiani, kisha akaitazama injini. Kitambaa mkononi mwake kilikuwa kinatetemeka. Hakuna aliyekiona ila mimi, kwa sababu mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba Bertin anapoogopa hutetemeka mkono wa kushoto tu.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Hawajui kwamba ni bwana yangu. Wakijua, wamempata mwizi wao.

"Bwana yako alikuwa jina gani, Mama?" akauliza Afande.

"Nicolas," nikasema. Jina lilitoka lenyewe. Simjui Nicolas yeyote.

"Na Nicolas aliipata wapi moteri yangu?"

"Sijui, Afande. Alileta, akaficha. Bwana akileta kitu, bibi anauliza?"

Wanaume wawili wakacheka. Afande akamgeukia Bertin.

"Fundi, we unajua bamakanika bote ya Baraka. Huyu Nicolas, ulimujua?"

Bertin akakikunja kile kitambaa. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Nilimujua, Afande. Alikuwa anazamia vitu mu maji. Vyuma, nyavu, kila kitu. Pengine aliitoa chini kule ilizama. Sasa alishakufa. Ni mi nilimuzika."

Ndugu zangu, mmewahi kumsikia bwana yenu akisema amejizika mwenyewe? Nilitaka kucheka na kulia. Miezi minane na zaidi nimekesha ninamwombea, na yeye yuko hapa, mwendo wa pikipiki moja kutoka nyumbani, hajatuma hata salamu. Arlette amelala njaa. Nilimchukia pale pale. Na pale pale nikaomba Mungu wamwamini.

Afande akala kipande cha kiazi, akafikiri.

"Kumbe Nicolas aliniibia chini ya maji, akakufa mbele ya mi kumuua. Bahati yake." Akamwonyesha kijana mmoja Ramazani. "Mufungue."

Zainabu alianza kulia kwa furaha. Kijana akainama kushika fundo la kamba.

"Ngoja kwanza," Afande akasema. "Kaburi ya Nicolas iko wapi?"

Mimi na Bertin tulifungua vinywa pamoja. Afande akainua mkono.

"Hapana. Moja, moja."

Akamshika Bertin bega, akampeleka pembeni kwenye mihogo. Nikaona midomo ya Bertin inacheza. Maneno machache tu. Sikusikia hata moja. Kisha Afande akarudi, akachuchumaa mbele yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya kiazi.

"Sasa we, Mama."

Akilini mwangu nikapita makaburi yote. Ya misheni? Ya barabarani? Bertin angesema wapi? Ukweli nao ulikuwa hapo mdomoni, mwepesi: Afande, hakuna Nicolas, bwana yangu ndiye yule. Ningeusema, Ramazani angekwenda nyumbani kwake bila swali. Yasmina angebaki na baba yake, na Arlette wangu asingekuwa naye.

Nikajiuliza: mtu akiulizwa ghafla kaburi lake mwenyewe, anataja wapi? Anataja mahali anapotaka kulala. Na hapo nilijua. Mtoto wetu wa kwanza alikufa akiwa na wiki mbili. Tulimzika kule Fizi mlimani, nyuma ya nyumba ya mama yake Bertin. Kila alipokunywa, na hata alipokuwa hajanywa, Bertin alikuwa akiniambia, siku yangu ikifika nipeleke kwa mtoto.

"Fizi," nikasema. "Nyuma ya nyumba. Pembeni ya kaburi ya mutoto."

 Afande akanitazama, akamtazama Bertin. Nikaona uso wa Bertin unalegea, nikajua tumetaja mahali pamoja. Miaka kumi na moja ya ndoa haikuwa bure. Nikataka kumshukuru Mungu kwa sauti.

Afande akasimama, akapangusa vidole kwenye suruali.

"Fundi," akasema polepole, "mwezi ulipita ulikuwa na malaria kali. Nani alikupa dawa?"

"Ni we, Afande."

"Usiku wote ulilia juu ya mutoto. Ulisema amelala Fizi, nyuma ya nyumba ya mama yako. Unakumbuka?"

Bertin akakikunjua tena kile kitambaa.

"Hukumbuki. Mi nakumbuka. Sasa uniambie: huyu Nicolas, muzamiaji wa Baraka, alikuya kulala pembeni ya mutoto wako juu ya nini?"

  Bertin alitazama miguu yake, na sasa mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka.

Nilidhani watamkamata yeye. Hapana. Afande alimpa kijana wake ishara kwa kichwa, na kijana akaiacha ile kamba, akainua bunduki, akaiweka kwenye kichwa cha Ramazani. Si cha Bertin.

"Fundi wa moteri ni kazi kumupata," Afande akasema, bado kwa upole. "Wavuvi wako wengi. Mama, nakuuliza mara ya mwisho. Bwana yako, jina yake ni nani?"

Zainabu alipiga magoti, akanishika nguo. Bertin akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, akatikisa kichwa taratibu kuniomba nisiseme.

Nikavuta pumzi, nikamwangalia Bertin, nikataja jina lake.